Mjumbe wa Nyumba Kumi wa Upplands Väsby

Nilikaa Upplands Väsby miaka kadhaa kabla sijauona uso wa jirani yangu wa mlango wa pili. Nilimjua kwa kikohozi chake, kwa harufu ya kahawa yake ya asubuhi, na kwa namna alivyofunga mlango polepole, kama mtu anayetoroka nyumbani kwake mwenyewe.

Si mji mbaya. Niseme hilo mapema, nisije nikaitwa mtovu wa fadhila. Ni mji mdogo kaskazini ya Stockholm, kwenye reli iendayo uwanja wa ndege, na watu wa Stockholm wanaujua kwa sababu treni husimama pale na wao hawashuki. Kuna kituo. Kuna jengo la maduka lenye paa, ili watu wasilowe wakienda kununua maziwa. Kuna maktaba yenye joto ambako wazee husoma magazeti bila kuinua macho, na nje ya duka la pombe la serikali kuna benchi la walevi, ambao ndio watu pekee mjini walionianza kwa salamu. Alhamisi mikahawa yote inapika supu ya njegere kavu na chapati za maji. Desemba ikikaribia, taa za nyota zinawashwa madirishani karibu jioni moja, mji mzima, kana kwamba kuna mtu aliyepiga filimbi. Hakuna anayefunga pazia. Ukipita nje unawaona wote mezani, mwanga umewamwagikia, wanakula. Mwaka wa kwanza nilidhani mtu anayeacha dirisha wazi namna ile atakuwa ameacha na mlango.

Kuna desturi moja pale ambayo mgeni hafundishwi. Mtu akitaka kutoka nyumbani kwake, kwanza anasimama nyuma ya mlango na kusikiliza. Akisikia nyayo ngazini, anasubiri. Anachungulia kwenye kile kitundu cha kioo. Nyayo zikishapita na mlango wa chini ukishajifunga, ndipo naye anatoka. Si chuki. Mswidi mmoja kazini alinieleza, bila aibu yoyote, kwamba ni heshima: kwa nini umbebeshe mtu salamu ambayo hakuiomba? Na mimi nikaiga. Siku moja nilijikuta nimeshika kitasa, nimebana pumzi, nasubiri jirani ateremke. Nilicheka peke yangu siku ile.

Baba yangu hakuweza kuiga. Baba alikuwa mjumbe wa nyumba kumi.

Tulitoka Burundi nikiwa mgongoni kwa mama, nikakulia kwenye makazi ya wakimbizi huko Tabora. Watu walipopangwa nyumba kumi kumi, kila kumi na mjumbe wake, majirani zetu walimchagua yeye. Hakuwa msomi wala tajiri. Alikuwa mtu wa kupita tu. Asubuhi alivaa koti na kofia, hata jua liwake vipi, akaanza mzunguko. Hodi hapa, hodi pale. Mmeamkaje? Homa ya mtoto imeshuka? Mgeni wenu wa jana ametokea wapi? Nyumba isiyoitika hakuiacha. Alikuwa akisema kwamba mjumbe anayerudi bila kuitikiwa hakufanya kazi, amelitembeza koti lake tu.

Tulipochaguliwa kuhamishiwa Sweden, mama alikuwa ameshafariki. Tulikuja watatu: mimi, mume wangu na baba. Mume alivumilia baridi mpaka alipompata wa kumpasha joto huko Norway, akaenda zake, na mimi sikumfuata kwa neno wala kwa laana. Tukabaki wawili, mimi na mzee. Nilisomea kazi ya kuwahudumia wagonjwa, nikaajiriwa hospitali kubwa ya Flemingsberg, upande wa pili kabisa wa Stockholm. Maana yake ni kwamba kila siku nilivuka jiji zima kwa treni, kutoka kaskazini hadi kusini, kwenda kuwageuza wazee wa watu vitandani, na wa kwangu nimemwacha na redio.

Mwanzoni alikuwa na furaha. Mara mbili kwa mwaka jengo letu lilikuwa na siku ya usafi. Hapo, na hapo tu, milango ilifunguka yote. Watu walitoka na reki na glavu, wakakusanya majani, wakachoma soseji uani na kuzungumza mpaka unajiuliza wale mabubu wa ngazini wamekwenda wapi. Baba aling'ara siku hizo. Alisimama katikati ya uwanja na kofia yake, akionyesha kwa fimbo wapi pamebaki takataka, na Waswidi walicheka na kumtii. Mmoja alimpigia saluti. Usiku ule, kabla ya kulala, baba aliniambia kwamba watu wa huku ni wazuri, wanahitaji tu mtu wa kuwaita. Jumatatu alikutana na yule wa saluti kwenye mlango wa chini. Yule bwana akatazama viatu vyake na kupita.

Kusahau kulimwingia kidogokidogo. Alisahau kwanza Kiswidi, ambacho hata hivyo hakuwa nacho kingi. Akasahau kwamba mama amekufa. Kisha akasahau Sweden yenyewe. Alitazama theluji dirishani akauliza nani amemwaga unga. Lakini kazi yake hakuisahau.

Asubuhi moja ambayo sikuwa na zamu nilimsikia ngazini. "Hodi wenyewe! Hodi! Mmeamkaje humu?" Jengo letu lilikuwa na ghorofa tatu, na katika ngazi yetu milango ilikuwa kumi. Ilikuwaje iwe kumi, Mungu ndiye anajua. Alikuwa ameanza juu kwetu, sasa yuko katikati, koti limefungwa vifungo vyote, anagonga kwa kifundo cha kidole na kusubiri, anagonga na kusubiri. Nilimkimbilia na khanga kiunoni.

"Baba, rudi ndani. Watu wamelala."

"Wana usingizi mzito watu hawa," akasema. "Hii nyumba ya nne haijaitika toka jana."

Hawakuwa wamelala. Nyuma ya kila mlango kulikuwa na mtu amesimama na mkoba wake begani, anasubiri mzee aondoke ili aende kazini. Nilijua, kwa sababu nilishakuwa mmoja wao. Baba akikaa ngazini, ngazi nzima inachelewa.

Walilalamika. Walilalamika kwa adabu, kama wanavyofanya kila kitu. Hakuna aliyekuja kwangu kuniambia, "Mama, zungumza na mzee." Walipiga simu kwa wenye nyumba, wenye nyumba wakapiga simu komuni, yaani manispaa, na komuni wakamtuma afisa wao wa mambo ya wazee. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye soksi za sufu alizofuma mwenyewe. Alikaa jikoni kwetu akaniuliza kama baba anajua yuko wapi, kama anaelewa anachoambiwa, kama nimewahi kufikiria nyumba ya wazee.

Sikuhitaji kufikiria. Nilichokitaka kilikuwa kimoja: baba akae kwangu mpaka siku yake. Kwetu mzazi hapelekwi. Mzazi anakaa, anaharibu, anamwaga, anatukana, na wewe unafuta na kunyamaza, kwa sababu na yeye alifuta. Na nilizijua zile nyumba. Ni safi, zina maua mezani, na chakula chao ni kizuri. Lakini mle ndani asingekuwapo hata mtu mmoja wa kumwitikia. Mtu ambaye maisha yake yote ni kusema hodi, unamweka vipi mahali ambapo hakuna anayejua neno karibu? Kwa hiyo nilimwambia yule afisa kwamba baba anaelewa kila kitu. Anajua yuko wapi, akili yake ni timamu, ni uchangamfu tu na desturi za kwetu. Nilisema kwa Kiswidi changu kizuri kabisa, nikatabasamu. Aliandika, akanipa mkono.

Tukapewa msaada wa mchana. Kila siku alikuja kijana tofauti mwenye fulana ya kazi, akapasha chakula, akasema hej, salamu yao ya neno moja, akaondoka. Baba alimvutia kila mmoja kiti. Hakuna aliyekaa. Jioni aliniambia kwamba serikali inatuma vijana wengi siku hizi lakini hawana nafasi ya kusikiliza shida za wananchi.

Majira yale ya baridi yalikuwa makali hata kwa wenyeji. Theluji ilijaa mpaka baiskeli zilizoachwa uani zikawa vichuguu. Nilificha viatu vyake. Akatoka na soksi. Nilificha koti; alilia kama mtoto hadi nikalirudisha. Kumfungia kwa nje sheria hairuhusu, na hata ingeruhusu, ningemfungiaje baba yangu kama mbuzi? Dada zangu wa ushirika wa maombi walinipenda na walimpenda, lakini mmoja alikaa Södertälje, wengine mbali zaidi, na kila mmoja alikuwa na zamu zake. Walikuja Jumapili na masufuria, wakaimba, mzee akachangamka, Jumatatu tukarudi palepale. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kila simu ilipolia kazini, nilikimbia kuipokea. Nilimwona baba ameanguka kwenye theluji nyuma ya jengo na watu wanapita, wanatazama viatu vyao. Nilikuwa namlisha mgonjwa uji huku nalia, na mgonjwa mwenyewe, bibi wa Kiswidi, ananipapasa mkono bila kuuliza. Siku moja kwenye treni ya kurudi nilitamani isisimame Väsby. Iende tu, inipitilize uwanja wa ndege, inimwage popote. Sikuwa na hasira na baba. Nilikuwa nimeisha. Nilikuwa nimefika pale ambapo mtu haombi tena Mungu amsaidie, anamwomba tu amwache akae chini kidogo.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Nilirudi kazini giza limeshaingia, kama kawaida ya kule wakati wa baridi, nikapanda ngazi na mifuko ya manunuzi. Ghorofa ya pili nilimkuta baba amelala kifudifudi sakafuni mbele ya mlango mmoja. Nilidhani amekufa. Mifuko iliniponyoka, viazi vikateremka ngazi moja moja.

Hakuwa amekufa. Milango ya jengo letu ina mwanya chini kabisa, karibu na sakafu, wenye kifuniko cha bati, wa kupitishia barua. Baba alikuwa ameuinua mfuniko kwa vidole viwili, mdomo wake uko pale mwanyani, anazungumza. Sauti ilikuwa imemkauka. Midomo ilikuwa imepasuka.

"Baba! Amka hapo! Unataka watuondoe kabisa?" Nilimvuta kola. Nilimvuta kwa nguvu, maana hofu ilikuwa imenigeukia kuwa hasira.

"Nyamaza," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alikuwa na sauti ya baba yangu. "Nina mgonjwa humu."

"Hakuna mtu humu anayekujibu, baba."

"Ananijibu. Sikiliza."

Nilipiga magoti, nikaweka sikio. Kulikuwa na harufu ya mkojo na ya kahawa iliyoungua. Halafu, kwa mbali, kwa chini, sauti ya mwanamke mzee ilisema neno moja la Kiswidi, neno la kuomba. Hjälp. Msaada.

Nilipiga simu. Walikuja zimamoto, wakavunja kufuli, wakamkuta bibi aliyekuwa akiishi peke yake ameanguka kwenye korido, nyonga imevunjika, simu iko chumbani. Alikuwa pale tangu asubuhi. Baba naye alikuwa pale tangu asubuhi. Majirani walipanda na kushuka siku nzima, wakamruka mzee sakafuni, maana walishamzoea. Huyo ni yule wa ghorofa ya tatu, anagonga milango, ana ugonjwa wa kusahau. Kijana wa chakula alimkuta palepale, akamwambia kwa ishara kwamba chakula kiko mezani, akaenda kwenye nyumba inayofuata. Walipomtoa bibi kwenye machela, baba alivua kofia. "Pole, mama," akamwambia. "Nilikuwa hapa." Kisha akaniuliza kwa nini viazi vimezagaa.

Nilimpandisha nyumbani, nikamwosha miguu kwa maji ya moto, nikamnywesha chai. Nilikuwa na furaha ya kijinga siku hizo. Nilidhani tumepona. Nilidhani sasa watu wataona, mji utaona, komuni itaona, kwamba mzee huyu si balaa. Nikawapigia simu dada zangu wa ushirika mmoja mmoja nikiwahadithia, nao wakapiga vigelegele kwenye simu.

Yule afisa wa soksi za sufu alikuja wiki iliyofuata. Alikuwa amesikia. Alimshika baba mikono yote miwili, machozi yakamlenga, akasema alichofanya ni kitendo cha kishujaa. Nilitafsiri, na baba akainamisha kichwa kama mtu anayepokea salamu za wilaya. Nikamimina chai ya maziwa na tangawizi. Halafu afisa akaweka simu mezani, akaifungua sauti ili sote tusikie, akasema amemwita mkalimani, kwa kuwa leo angependa kumsikia mzee mwenyewe, si mimi. Akaeleza, kwa upole uleule, kwamba tukio lile limeonyesha jambo. Mtu wa umri ule alilala sakafuni kwenye baridi mchana kutwa, bila kula, bila kunywa, na hakuna aliyemwinua. Je, siku nyingine akiwa nje?

Mkalimani alikuwa Mkongo, mtu wa heshima. "Papa, shikamoo. Huyu mama wa serikali anauliza kama utapenda kuhamia fasi ingine, kwenye kuko watu mchana na usiku."

"Marahaba," baba akasema kuiambia simu. "Watu wengi?"

Afisa akasema wapo arobaini hivi.

"Wazee?"

"Wazee tupu, papa."

Baba akafikiri. Nilimwona anavyofikiri: anahesabu nyumba. "Wana mjumbe?"

Mkalimani akasita, kisha akatafsiri kwamba mzee anauliza kama wana kiongozi. Afisa akafurahi. Ndiyo, yuko msimamizi, mtu mzuri sana.

"Basi nitamsaidia," baba akasema. "Arobaini ni wengi kwa mtu mmoja."

"Baba," nikasema, "sema hapana."

Akanigeukia kwa mshangao. Nadhani hakuna kitu nilichowahi kumfanyia kilichomfedhehesha kama kile. Mtu wa serikali amekaa kwako, ameshika kikombe chako, amekuomba jambo, na binti yako anakufundisha kukataa. "Mbele ya mgeni?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Baba, wanataka kukuchukua. Hutarudi hapa. Sema hapana, baba yangu, nakuomba, sema tu hapana."

"Naomba umwache ajibu mwenyewe," afisa akaniambia.

"Haelewi!" nikapiga kelele. "Haelewi unachomuuliza! Anadhani unampa kazi!"

Akanitazama, na nakula kiapo kwamba hakukuwa na ubaya hata chembe usoni pake. Akafungua karatasi zake. "Lakini ulinieleza wewe mwenyewe kwamba anaelewa kila kitu."

Simu ilikuwa kimya. Mkalimani alikuwa ametusikia wote, kwa lugha zote mbili, lakini kazi yake haikuwa kuokoa mtu. Baba akavunja ule ukimya, kwa sababu kwake ukimya mbele ya mgeni ni aibu ya mwenye nyumba. Akajiweka sawa kitini, akasema kwa sauti ya mikutano, "Mwambie mama kwamba hakuna shida. Serikali ikisema, sisi tuko tayari."

Mkalimani akatafsiri. Afisa akaandika.

Ilikuwa nyumba nzuri, upande wa pili wa reli. Niliyoyasema kuhusu zile nyumba yalikuwepo yote: maua, usafi, supu ya njegere Alhamisi. Chumba chake kilikuwa na dirisha la kutazama miti ya misonobari. Siku za mwanzo alivaa koti akaanza mzunguko, na wahudumu, ambao ni watu kama mimi, wenye miguu inayouma kama yangu, walimshika kiwiko wakamrudisha kitini. Hawakumkaripia. Bibi wa chumba kile akilala hapendi kuamshwa, walimwambia. Bwana huyu naye anaogopa wageni. Walimrudisha kwa upole, tena na tena, na upole ule hauna mahali pa kuushika ugombane nao. Nilikwenda kila nilipotoka kazini. Nilisimama nje ya chumba chake nikasema hodi. Mwanzoni alisema karibu. Baadaye alinitazama tu. Kabla theluji haijayeyuka alikuwa ameacha kuomba koti.

Dada mmoja wa ushirika aliniambia kanisani, mbele ya wengine, kwamba kumbe na sisi tumekuwa Waswidi, mzee tumemtupa. Mwingine, mwenye huruma, akasema asante ya punda ni mateke, akimaanisha komuni. Sikuwa na hakika punda ni nani katika mambo yale.

Mzunguko wangu ukawa huo: Flemingsberg, treni, upande wa pili wa reli, nyumbani, kulala. Ngazini sikumsikia mtu. Watu waliwahi kazini.

Majira ya kuchipua yalikuwa yameanza, ile wiki ambayo mji mzima unatoka na viti na kukaa umelifumbia jua macho, niliposikia mlango wangu ukigongwa. Sikuelewa kwanza ni nini. Miaka yote tuliyokaa pale hakuna jirani aliyewahi kuugonga. Nilifungua. Alikuwa yule bibi wa ghorofa ya pili, amekonda, fimbo mkono mmoja, keki iliyofunikwa kwa karatasi mkono wa pili. Alikuwa hospitali, akasema, kisha mahali pa kujifunza kutembea upya, na leo ndiyo siku yake ya kwanza kupanda ngazi.

"Samahani kwa kukusumbua. Mzee yupo? Nimemwokea hii."

"Hayupo," nikamwambia. "Amehamia nyumba ya wazee."

Uso ukamng'aa. "Oo, vizuri jamani! Nimefurahi sana kwa ajili yake. Huko atatunzwa." Akanikabidhi keki. Kisha akaegemea fimbo, na kwa mara ya kwanza nikasikia siku ile ilivyokuwa upande wa ndani wa mlango. "Sikuelewa alichokuwa akisema. Lakini hakuacha. Nikinyamaza, ananiita. Nikiitika, anatulia kidogo, kisha ananieleza mambo, marefu, kama hadithi. Nilitaka kulala, unajua. Nilitaka sana kulala. Hakuniacha nilale."

"Karibu ndani," nikasema. Nilitaka aingie kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote katika mji ule. Nilitaka akae kwenye kiti cha baba, anihadithie tena tangu mwanzo. "Karibu tunywe chai."

"Hapana, hapana," akasema, anarudi nyuma tayari, anatabasamu. "Sitaki kusumbua."

Akaanza kuteremka, fimbo, mguu, fimbo, mguu. Nilikaa chini palepale mlangoni, keki mapajani, mlango wazi, na kilio kikanitoka. Hakikuwa kilio cha kuficha uso kwenye mto. Kilikuwa kile tunacholia kwetu mtu anapokufa, kilio cha kuita, ambacho nyumba ya kwanza ikikisikia inatoka mbio na kuiita ya pili, na kabla hujamaliza pumzi uwanja umejaa watu. Nililia hivyo, kwa sauti yangu yote. Fimbo ya bibi ikasimama ngazini. Kisha nikasikia ufunguo wake ukigeuka, na mlango ukifungwa polepole, kwa heshima, asinisumbue.